Kishikio cha breki kikigoma angani

Parachuti imefunguka vizuri, unashusha vishikio vyote viwili vya breki, vile vya kuongozea na kupunguza mwendo. Cha kulia kinakuja, cha kushoto kinagoma. Papo hapo inaanza kugeukia kushoto, kwani upande huo bado umefungwa breki nusu na ule mwingine umeachiwa. Usianze kung'ang'ana na kilichokwama. Shusha kwanza kile cha kulia, taratibu, mpaka parachuti inyooke. Mzunguko ndio unaokula kimo, na kimo ndicho unachokihitaji kuliko kitu chochote.

Kisha soma altimita, kipimo cha kimo. USPA, chama cha warukaji wa miavuli cha Marekani, kinamtaka mwanafunzi na mwenye leseni A, ile ya kwanza, awe ameamua na kuchukua hatua kufikia futi 2,500. Mwenye leseni B na kuendelea, futi 1,800. Hicho ndicho kimo cha mwisho cha kuamua, si cha kuanza kufikiri.

Ukibaki na muda, tazama juu uone kimekwama wapi. Mara nyingi mkosaji ni kamba ya ziada, ile inayobaki baada ya breki kufungwa. Isipochomekwa vizuri kwenye mkanda unaounganisha kamba za parachuti na vazi lako, huning'inia kama kitanzi. Ukivuta kishikio, kinapenya ndani ya kitanzi hicho na kujikaba. Hapo kuvuta kwa nguvu ni kukaza fundo. Legeza mkono, kitoe kishikio kwenye kitanzi, ndipo uvute tena. Kama ncha ya kishikio ndiyo imeng'ang'ania kwenye jicho la kamba, yaani tundu inamochomekwa breki ikifungwa, shika kamba ya breki juu ya pete inamopita kwenye mkanda, ivute chini ipate ulegevu, halafu chomoa. Jaribu mara mbili, tatu. Ya nne unaifanya huku ardhi inakuja.

Kimegoma kabisa? Jiulize ukiwa bado juu: je, inaenda moja kwa moja, na naweza kuipunguza mwendo bila kuizimisha, yaani bila kuifanya iache kuelea na kuanguka? Jibu likiwa hapana, au hata sijui, achia parachuti kuu na ufungue ya akiba kabla ya kimo chako cha kuamua.

Aliyefundishwa kutua kwa kuvuta mikanda miwili ya nyuma badala ya vishikio ana njia nyingine: kukata kamba ya breki iliyokwama kwa kisu cha ndoano, juu ya pete, kisha kukiachia kishikio kizima kipande juu kabisa na kuongoza kwa mikanda yote miwili. Hakikisha unakata kamba hiyo na si nyingine. Mikanda ya nyuma huvutwa kidogo tu, kwa usawa. Safari yake ni fupi mno kuliko ya vishikio, na ukizidisha parachuti inazimika ghafla. Ifanyie mazoezi juu, siku ambayo kila kitu ni kizima.

Chini ya futi 1,000 usiachie tena parachuti kuu. Shikilia kishikio kizima pale pale panapoinyoosha parachuti, elekea uwazi, hata kama upepo unakusukuma kwa nyuma. Kosa linalovunja miguu ni kuvuta kile kizima mpaka kiunoni wakati wa kutua kwa sababu mkono umezoea: parachuti inageukia upande wa mkono huo ukiwa mita chache tu kutoka ardhini. Bana miguu pamoja, legeza magoti, tua kwa kubiringika. Utagonga kwa kasi kuliko ulivyozoea. Lakini ukienda moja kwa moja, mbiringiko unafanya kazi yake.

Tatizo hili huanzia kwenye kukunja. Kabla ya kufunga breki, toa misokoto yote kwenye kamba, kwa sababu kamba iliyojisokota hujifupisha na kutengeneza mafundo. Pitisha ncha ya kishikio kwenye jicho chini ya pete, si juu yake. Chomeka ziada yote mpaka usione kitanzi. Na velkro au mfuko unaoshika ncha ukilegea, peleka kwa fundi wa miavuli. Usiruke nayo hivyo hivyo.