Mwongozaji wa kwanza akirudi, anarudi na nini?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama mfululizo wa filamu za kubuni za kisayansi ulioanza kupoteza mvuto unaweza kufufuliwa kwa kumrudisha mwongozaji aliyeuanzisha. Waliotangulia kuchangia wengi wamesema inawezekana, kwa hoja kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Nimezifuatilia filamu hizi tangu nikiwa mtoto, na ninaamini kwamba mwongozaji huyo anaweza, ila kwa sharti moja ambalo waongozaji wengi waliorudi wameshindwa kulitimiza: asirudi kutueleza yale ambayo mwanzoni alituficha.

Nianze na Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu zaidi. Kuna sehemu ambapo fundi wa chombo cha angani, Brett, anamtafuta paka katika ukumbi mrefu wenye minyororo inayoning'inia. Maji yanadondoka kutoka juu, naye anasimama, anainua uso na kuyaacha yamdondokee. Kwa muda mrefu husikii ila maji na minyororo, na unapoliona zimwi linalowawinda likiwa nyuma yake, hulioni lote. Kijana mrefu wa Kinigeria, Bolaji Badejo, ndiye aliyevaa vazi lile lililobuniwa na msanii wa Uswisi H. R. Giger, na Scott alituonyesha kidogo mno kiasi kwamba nilipoitazama mara ya kwanza, sikuweza kumweleza mtu umbo la kile nilichokiogopa. Kabla ya hapo, mabaharia hao wa angani wamekuta maiti ya rubani mkubwa ajabu, ameganda kwenye kiti chake, mbavu zimepinda kuelekea nje. Yeye ni nani, na alikuwa akienda wapi? Filamu inapita bila kujibu.

Baadaye mfululizo ulipita katika mikono ya James Cameron, David Fincher na Jean-Pierre Jeunet, kisha zikaja filamu mbili za kupambanisha zimwi hilo na Predator, kiumbe mwindaji wa mfululizo mwingine, ambazo ziliwakatisha tamaa hata mashabiki wavumilivu. Scott aliporudi mwaka 2012 na Prometheus, tulifurahi sote, na filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Hata hivyo alirudi na majibu. Yule rubani akawa mmoja wa kabila la Wahandisi lililowaumba wanadamu, na kile tulichodhani ni mifupa kikawa vazi tu. Alien: Covenant ya mwaka 2017 ikaendelea kueleza, ikalifanya zimwi lenyewe kuwa kazi ya roboti aitwaye David, na mapato yakashuka hadi yapata dola milioni 240.

Hasara iliyoniuma mimi, hata hivyo, si ya fedha. Miaka michache iliyopita nilimwonyesha mpwa wangu filamu ile ya 1979, nikiwa sijui kwamba alikuwa ameshaitazama Prometheus. Tulipofika kwenye maiti ya rubani nilipunguza mwanga wa taa ili picha imwingie vizuri. Akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mjomba, huyo ni Mhandisi, yumo ndani ya vazi." Hakukosea hata neno moja, na hakuogopa hata kidogo.

Hapo ndipo nilipotambua hatari ya kumwita mwanzilishi. Mwongozaji mgeni akiharibu, mtazamaji anaweza kuipuuza filamu yake na kuendelea kuipenda ile ya awali. Mwanzilishi akieleza jambo, maelezo yake huwa ndiyo sheria, na hurudi nyuma hadi ndani ya filamu ya kwanza na kuibadilisha.

George Miller, mwanzilishi wa mfululizo wa Mad Max, alifanya kinyume chake. Mad Max ya kwanza ilitoka mwaka 1979, ya tatu mwaka 1985, kisha ukimya wa miaka 30 hadi Fury Road ya mwaka 2015, iliyopata Oscar 6. Kabla ya upigaji picha, filamu ilikuwa imechorwa kwenye vibao takriban 3,500, kwa hiyo masimulizi yalibebwa na picha kuliko maneno. Katikati yake kuna Furiosa, dereva asiye na mkono mmoja, na hakuna anayesimama kutuambia mkono ule ulikwenda wapi. Mpwa wangu aliniuliza, nikamjibu kwamba filamu haisemi. Akanyamaza, kisha akaomba tuirudie tangu mwanzo. Miller alikuja kulieleza jambo hilo katika Furiosa ya mwaka 2024, filamu ninayoipenda kwa dhati, lakini haikuwavuta watazamaji kama iliyotangulia.

Kuhusu Terminator sina mengi. Mwaka 2019 Cameron, aliyeongoza filamu ya kwanza ya mfululizo huo, alirudi katika Dark Fate kama mtayarishaji, kiti cha mwongozaji akakalia Tim Miller, na kurudi kwa jina hakukuokoa kitu.

Jambo jingine ambalo mjadala huu umelisahau ni kwamba filamu ya kwanza haikuwa ya mwongozaji peke yake. Alien ilikuwa na Dan O'Bannon aliyeandika muswada, Giger kwa maumbo, na Jerry Goldsmith kwa muziki. Fury Road nayo isingekuwa ile tunayoijua bila mhariri Margaret Sixel, mke wa Miller, ambaye alipokea mamia ya saa za picha na kutoa saa mbili zisizo na pengo. Studio ikimrudisha mtu mmoja baada ya miaka 30, haijawarudisha wenzake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mimi ningependa kumwona mwanzilishi akisimama nyuma ya mwongozaji mwingine kama mlinzi wa ile siri. Alien: Romulus ya mwaka 2024 iliongozwa na Fede Álvarez, Scott akiwa miongoni mwa watayarishaji, na ikaingiza takriban dola milioni 350. Ninayoithamini zaidi lakini ni Blade Runner 2049 ya Denis Villeneuve, ingawa mapato yake yalikuwa madogo kuliko gharama zake zilivyohitaji. Ilitoka mwaka uleule wa Covenant, Scott akiwa mtayarishaji mtendaji. Kwa miaka mingi Scott amesema hadharani kwamba Deckard, mhusika mkuu wa Blade Runner ya kwanza aliyoiongoza yeye mwenyewe, si binadamu wa kuzaliwa, lakini filamu ya Villeneuve haikulifunga swali hilo. Kuna mahali K, mhusika mkuu wa filamu hiyo, anamtazama mbwa wa Deckard na kuuliza kama ni mbwa wa kweli. Deckard anamjibu kwamba hajui, amuulize mbwa mwenyewe.