Punda niliyemuuza anauzwa tena: nimrudishe?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Mvumi. Miaka minne iliyopita nilimuuza punda wangu jike, Mwendokasi, nilipe ada ya mdogo wangu. Alizaliwa hapa nyumbani, na nilipomuuza alikuwa na miaka minane. Aliyemchukua yuko Kibaigwa, sasa anamuuza kwa shilingi 450,000, anasema ana miaka tisa tu. Nimesikia anachechemea kidogo. Naogopa nisipomchukua ataishia kwa wanunuzi wa ngozi. Nimrudishe?

JIBU: Marahaba. Minane na minne ni kumi na miwili, kwa hiyo muuzaji ameanza kwa kukuibia miaka mitatu. Si uzee lakini. Punda anayetunzwa vizuri hufika miaka 25 na kuzidi.

Habari ya ngozi isikuharakishe. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukaizuia bara zima kwa miaka 15. Magendo hayajaisha, lakini muuzaji asikutishie hayo ili ulipe haraka.

Nenda na mwenzako, yeye ndiye aongee bei. Wewe usimwite Mwendokasi kwa jina mpaka mkubaliane. Punda hasahau, akikuitikia kwa mlio mbele ya mwenye mali, hiyo laki nne na nusu haishuki hata mia.

Hakikisha kwanza ni yeye. Ule msalaba mweusi wa mgongoni na mabegani hausaidii kitu, punda wengi wa kijivu wanao. Tafuta kovu unalolijua au sikio lililochanika. Mfungue mdomo: meno ya mbele ya ukubwa hukamilika kwenye miaka mitano hivi, kwa hiyo ukikuta bado ana ya utoto, umeletewa punda mwingine. Anayekutajia mwaka kamili kwa kuangalia meno ya punda aliyepita miaka kumi anabahatisha, na mimi nikiwemo. Cha maana zaidi mpe majani umwangalie anavyokula. Akidondosha mabonge yaliyotafunwa nusu, magego yana ncha kali, yanahitaji kusawazishwa.

Mguu ndio wenye uamuzi. Atembezwe kwenye ardhi ngumu, si mchangani, bila mzigo, kamba ikiwa imelegea. Kama ubovu ni wa mguu wa mbele, kichwa kitainuka kila mguu huo unapokanyaga. Kisha inua kila ukwato uuchokonoe. Kwato ndefu zilizopinda, jiwe lililonasa, hata usaha kidogo, hayo hutibika, na ni sababu nzuri ya kushusha bei. Ila ukimkuta ametanguliza miguu ya mbele na uzito kautupa nyuma, hataki kugeuka, kwato zina joto, basi kavimba ndani ya ukwato. Huyo hata akipata nafuu, usimhesabu tena kwa kazi ya maji. Ukimchukua, unamchukua apumzike, na gharama ya pumba, dawa na kuchonga kwato ni yako kwa miaka kumi au zaidi. Kama uwezo huo huna, mwache.

Pitisha vidole mgongoni pia. Nywele nyeupe ni vidonda vilivyopona. Akishtuka unapobonyeza, bado. Madumu manne ya maji ni kilo 80, na punda wetu wengi hawafiki hata kilo 150. Mawili yanamtosha. Wenye "punda afe mzigo ufike" ndio wanaotuletea kazi kliniki.

Mkikubaliana, andikishaneni kwa mtendaji wa kijiji, uchukue kibali cha kusafirisha mifugo, na umpandishe gari. Nyumbani mtenge wiki mbili na wanyama wengine, apate dawa ya minyoo kwa uzito wake, na uulize chanjo ya pepopunda. Ugonjwa haukupewa jina hilo bure.

Na muulize muuzaji swali moja ambalo hukuniuliza: Mwendokasi anaishi na nani? Kama kwa miaka minne amekuwa na punda mwenzake, kumtenganisha kunaweza kumfanya agome kula, na punda akigoma kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu, anaweza kufa ndani ya siku chache. Siku moja bila kula, mpigie daktari. Nikiwa wewe, ningeuliza na bei ya huyo mwenzake.