Tarehe Niliyojipangia Mwenyewe, Nani Atanidai?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kibuye, Kisumu. Nguo ya mteja huwa tayari siku tuliyokubaliana, kwa kuwa najua atakuja kuiulizia akiwa na salio la pesa zangu mkononi. Shida yangu ni kazi ninayojipangia mwenyewe. Kila mwaka huazimia kwamba kufikia mwisho wa Novemba nitakuwa na akiba ya sketi na kaptura za shule, ili Januari niuze badala ya kukesha nikishona. Novemba hupita, nikasogeza hadi katikati ya Desemba, mara Krismasi imefika. Mume wangu hunicheka akisema kwamba tarehe isiyo na mdai si tarehe. Je, amekosea?
Fundi, Kisumu

JIBU: Dada Fundi, mumeo ameona nusu ya jambo. Mdai yupo, ila huja Januari, wakati mzazi mwenye haraka anaponunua sare kwa jirani yako aliyejitayarisha, nawe ungali umeinamia cherehani. Hasara nyingine haionekani kwa macho: kila unaposogeza tarehe unajizoesha kutoliamini neno lako, hata ikafika mahali ukisema Jumamosi, moyo wako unaelewa kwamba ni Jumamosi yoyote ile.

Hata hivyo, usikimbilie kujiita mvivu. Mwaka wa 1994, watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha uchunguzi uliohusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi hao walikadiria kwamba wangemaliza kwa siku 34 hivi, lakini wakachukua zaidi ya 55. Na hata walipotakiwa kukadiria iwapo kila kitu kingekwenda mrama, makisio yao hayakufika siku 50. Tukiitazama kazi iliyo mbele yetu tunaiona imenyooka, tukasahau vikwazo vilevile vilivyotuchelewesha jana.

Kwa hiyo usijiulize sketi moja itachukua muda gani. Fungua daftari lako uone ya mwisho ilikatwa lini na ikapigwa pasi lini. Nina hakika utakuta kwamba kushona kwenyewe hakukukawiza sana. Muda uliliwa na kupanga marinda yalingane, kungojea zamu ya mashine ya overloki, stima kupotea adhuhuri, na mteja wa haraka aliyekuja na suruali ya kupunguzwa. Tarehe iliyotokana na daftari hilo itakuwa ya mbali kuliko unavyotamani, lakini itashikika.

Pia mwisho wa Novemba ni mbali mno kukusukuma mwezi wa Septemba. Gawa mzigo katika mafungu madogo, kila fungu na Jumamosi yake. Siku hiyo ikifika kabla kazi haijakamilika, na hapa ndipo nisipokubaliana na wengi, punguza kazi wala usiguse tarehe. Kama ulikusudia sketi 20 na zimekamilika 14, funga hesabu kwa hizo 14, zitundike kibandani zianze kuonekana, kisha sita zilizosalia zihesabiwe katika fungu linalofuata, ambalo nalo utalipunguza ipasavyo. Ugonjwa na matanga ni mambo mengine. Hapo sogeza tarehe bila kujilaumu, mradi uisogeze kabla haijafika.

Mumeo naye, kwa kuwa ni mwepesi wa kucheka, mpe kazi ya kuhesabu nguo kila Jumamosi jioni na kuandika idadi hiyo daftarini kwa mkono wake. Na kitambaa cha fungu la pili usikinunue mpaka la kwanza liwe limetundikwa.