Nina miaka 20 na ni mwembamba: kuna haja ya kupima kolesteroli?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 20. Ni mwembamba na hucheza kandanda kila wiki. Wahudumu wa afya watakuja chuoni kupima kolesteroli, lakini wenzangu wanasema kipimo hicho ni cha wazee na wanene. Baba yangu alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 46. Je, nipime?

JIBU: Marahaba. Pima, tena usiiache nafasi hiyo ikupite. Sentensi yako kuhusu baba ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa sababu shambulio la moyo linalompata mwanamume kabla ya miaka 55 huhesabiwa kuwa la mapema, na huwafanya madaktari waulize kama kuna jambo linalorithiwa katika familia.

Kolesteroli ni aina ya mafuta katika damu, na ikizidi huweza kuziba mishipa ya moyo. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini, wala haitoki kwenye chakula peke yake. Takriban mtu 1 kati ya 250 hurithi hitilafu inayolizuia ini kuondoa ipasavyo kolesteroli mbaya, yaani LDL, katika damu, na mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Sisemi kwamba baba yako anayo; nasema kwamba wembamba na kandanda, ambavyo ni vyema, haviwezi kukuhakikishia kuwa wewe huna, kwani kwa kawaida haileti maumivu wala dalili yoyote ujanani.

Kuhusu umri, mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na bado takriban asilimia 77 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo.

Kipimo chenyewe ni cha damu kidogo tu, na mara nyingi si lazima kufunga. Usiridhike kuambiwa "uko sawa". Omba namba na uzihifadhi. LDL ikifika miligramu 190 kwa desilita (milimoli 4.9 kwa lita) au zaidi, muone daktari akuchunguze kuhusu ugonjwa wa kurithi, na ukithibitishwa, ndugu zako nao wapimwe, hata walio wadogo, kwa kuwa matibabu yapo na hufaa zaidi yakianza mapema.