Nguzo ya ngazi inacheza, nigongelee misumari au nimwage zege?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nipo Lushoto, nyumba yetu iko kwenye mteremko kwahiyo ngazi za nje ni za mbao, na mama yangu mzee hapandi bila kushikilia. Nguzo ya chini ya kishikio inacheza sana. Fundi wa kwanza kaongeza misumari, mvua zimepita hali ni ileile. Wa pili anasema tuizungushie zege. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole dada, na mama mpe shikamoo yangu. Kwa sasa asishuke peke yake, mana kishikio kinachocheza ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa, mtu anakiamini halafu kinamwacha.

Misumari achana nayo. Mama akiegemea nje kwa nguvu ya kilo 20 tu, sentimita 90 juu ya pale nguzo ilipofungwa, na misumari yote imejazana kwenye sentimita 10 huku chini, ule wa juu unavutwa kwa karibu kilo 200, na msumari kwenye mbao laini ya msonobari ukivutwa hivyo unachomoka kidogo kidogo kila siku. Ongeza kumi mingine, utapasua mbao tu.

Tafuta nguzo ya inchi nne kwa nne iliyotiwa dawa, usiichonge pale inapokaa maana ndo unaidhoofisha palepale inapobeba mzigo. Iegemeze ubavuni mwa ile mbao nene inayobeba vidato, sehemu ambayo mbao ni pana, sio kwenye kona ilipokatwa ikabaki nyembamba. Toboa matundu mawili, moja juu moja chini, yaachane kadiri mbao inavyoruhusu ila yasikaribie ukingo, yakiachana sentimita 20 huo mvuto unashuka karibu nusu. Bolti ziwe za nusu inchi, za galvanaizi (zisizoshika kutu haraka), zinazopita upande hadi upande, na washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu) pande zote mbili, bila washa nati inazama kwenye mbao unadhani umekaza kumbe unaponda mbao.

Halafu kuna kitu mafundi wengi wanaruka: ile mbao ya ubavuni yenyewe inajipinda. Chungulia chini ya ngazi wakati mtu anatikisa nguzo, utaiona. Weka kipande cha mbao nene nyuma yake, kifungwe na bolti hizohizo na kishikane na kidato pia, hapo ndo nguzo inatulia kweli.

Zege likigusa mbao moja kwa moja linashika maji, na kwa mvua za huko itaoza usawa wa ardhi. Ukitaka zege, nguzo ikae juu kwenye kiatu cha chuma, yaani kishikizo kinachoiinua isiguse zege.

Kishikio kiwe cha kukamatika mkononi, unene wa sentimita 4 hivi, kipigwe msasa vizuri kisimchome vibanzi. Mbao zikikauka zinasinyaa, kwahiyo baada ya miezi michache chukua spana ukaze tena nati zote.