Kula na Kutembea Upanga na Kisutu kwa Pesa Kidogo

Ndugu na marafiki wanaohamia Dar es Salaam huniuliza wapi pa kwenda Jumamosi na familia bila kumaliza posho ya wiki. Jibu langu ni lile lile: njooni huku kwetu Upanga, mshuke hadi Kisutu kwa miguu. Ila msije mkitafuta mgahawa mzuri, tafuteni saa nzuri. Huku kila jamii ina saa yake ya kula na chakula chake cha saa hiyo, na anayeijua ratiba hiyo anakula kile kilichotoka jikoni muda huo huo, kwa bei ya mtaani. Anayekuja saa yoyote ataishia chipsi zilizopoa.

Mchanganyiko huu una sababu zake. Kisutu na mitaa ya jirani ni mji wa zamani wa biashara: mahekalu ya Wahindu, misikiti ya Sunni na Shia, jamatkhana (nyumba ya ibada) ya Waismailia ya mwaka 1930 kwenye Mtaa wa Mosque, maduka ya Washihiri (Waarabu wenye asili ya Yemen) na Wangazija (wenye asili ya Komoro), vyote mwendo wa dakika chache. Upanga ilikuwa makazi ya familia za Kihindi kwa sehemu kubwa. Mwaka 1971 Serikali ikapitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Wenye nyumba wengi waliondoka nchini, na waliobaki wakapata majirani wapya: mtumishi wa Serikali kutoka Bukoba, nesi wa Hospitali ya Muhimbili kutoka Songea, mwalimu kutoka Moshi. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lakini wazee bado wanasema "nyumba za Msajili". Pita kwenye ngazi ya ghorofa hizo saa sita mchana, utasikia harufu ya bizari nyembamba, nazi na dagaa wa kukaanga kwa pamoja. Hayo mapishi ndiyo yaliyoshuka mtaani.

Anza na asubuhi. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu ni saa ya supu. Kandokando ya Muhimbili kuna mama ntilie wanaohudumia wauguzi wanaotoka zamu ya usiku na ndugu waliokuja kuangalia wagonjwa, kwa hiyo sufuria zinawahi kuiva na zinaisha mapema. Supu ya mbuzi au ya ng'ombe, chapati mbili, ndimu, pilipili ya kuponda pembeni. Kwa siku za karibuni nimekuwa nikilipa kati ya shilingi 3,000 na 4,000 kwa bakuli na chapati zake. Ukipendelea kitu chepesi, Kisutu kuna wazee wa kahawa chungu na kashata. Kikombe ni kidogo, bei ni ya sarafu, na mazungumzo ya siasa na mpira ni ya bure. Ukifika barazani salimia kwanza, "shikamooni wazee", ukae, ndipo uagize. Kijana anayesimama juu ya vichwa vya watu akinyoosha hela atahudumiwa, ila hatakaribishwa.

Mchana pesa yako ina njia mbili. Ya kwanza ni wali maharage na mchicha kwa mama ntilie, na hapo sina la kuongeza, kila mtu anapajua. Ya pili watu wengi wanaikwepa bila sababu: vyumba vya chakula cha mboga vya Wahindu, karibu na mahekalu ya Kisutu. Unaletewa sinia, yaani thali: chapati nyembamba zinazotoka kwenye moto zikiwa zimefura, dali (mchuzi wa dengu), mboga mbili au tatu, wali, mtindi, achari ya embe. Hakuna nyama wala yai, na mwenye nyumba hatapenda ukiingia na mshikaki mkononi, tafadhali heshimu hilo. Sehemu nyingi wanakuongezea dali na chapati mpaka ukatae mwenyewe. Bei yake ni kubwa kuliko ya mama ntilie, lakini kwa mtu anayekula mlo mmoja mkubwa kwa siku inalipa. Ukiwa na mtoto, sema mapema "isiwe kali" na umwombee khichri, mchele uliopikwa pamoja na dengu hadi ukalainika, na mtindi juu. Wanangu huila bila kubembelezwa.

Ijumaa ni habari nyingine. Baada ya swala biriani inatoka kwenye mikahawa ya Waislamu, na inayopikwa kwa ajili ya Ijumaa haifanani na ya siku nyingine, kwa sababu sufuria ni kubwa na wali umekaa na masala yake muda mrefu. Fika kabla ya saa nane. Baada ya hapo utapewa wali wa chini.

Sasa alasiri, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hii ndiyo saa yenye utamu wa mtaa wetu. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jua linapoanza kulegea, vinatoka vitu vidogo vidogo: bhajia za kunde, kachori, katlesi, sambusa, mihogo. Mwenye muhogo wa kuchoma mtazame anavyofanya kazi. Anautoa kwenye makaa, anakwangua palipoungua, anaupasua katikati kwa kisu, kisha anachukua nusu ya ndimu, anaichovya kwenye chumvi na pilipili ya unga, na kuipitisha ndani ya mpasuko huku akiikamua. Muhogo bado una moto, kwa hiyo maji ya ndimu yanazama ndani. Shilingi 500 au 1,000, umefungiwa kwenye kipande cha gazeti. Ule pale pale. Ukiupeleka nyumbani unakuwa mkavu.

Halafu kuna mix, ambayo Wazanzibari wanaiita urojo na ambayo huku Upanga ina wapenzi wake wa kufa na kupona. Bakuli linaanza na vipande vya viazi vya kuchemsha. Juu yake anavunja bhajia, anaweka kachori, pengine yai au mishikaki miwili kama umeongeza hela. Kisha anamwagia ule uji wa njano wenye uchachu wa embe au ukwaju, anafuatisha chatini ya nazi, pilipili, na mwisho anatawanya chipsi nyembamba za muhogo. Ushauri wangu: pilipili iwekwe pembeni mpaka umjue mpishi. Usisubiri, kwa sababu zile chipsi zikilowa umepoteza nusu ya raha. Na chimba kijiko hadi chini, ili viazi na chatini vije pamoja. Bakuli la kawaida nimelipa 2,500 hivi, na watoto wawili wanashiriki moja. Kushushia, juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu mbele ya macho yako. Sema usiwekewe barafu kama tumbo lako ni jepesi.

Baada ya kula hivyo mtu anahitaji kutembea, na matembezi bora ya jioni kwa sasa yako mlangoni petu. Daraja la Tanzanite lilianza kutumika mwaka 2022. Linapita juu ya bahari kwa zaidi ya kilomita moja, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Oysterbay, na lina njia za waenda kwa miguu. Saa kumi na moja na nusu upepo ni mzuri. Utakuta mabinti wa Kihindi wakikimbia, vijana wa chuo wakipiga picha, kina mama wenye mabuibui wakitembea taratibu na watoto. Ukivuka na bado una nguvu, endelea hadi Coco Beach, kule kuna mihogo ya kukaanga na dafu. Jambo moja nalisisitiza: simu iwe mfukoni, mkoba uwe upande wa ndani, mbali na barabara. Vibaka wa pikipiki wanamtafuta anayetembea huku anaandika ujumbe.

Kwa wenye watoto, mchana wa Jumamosi upeleke mjini. Bustani ya Mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na ingawa imepungua sana eneo, kivuli chake bado kinatosha familia kupumzika. Hatua chache kutoka hapo, Mtaa wa Shaaban Robert, kuna Makumbusho ya Taifa. Raia analipa sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni. Waoneshe watoto Zinjanthropus, fuvu la zamadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, kisha waache wazunguke kwenye magari ya zamani ya viongozi, yakiwemo yaliyomtumikia Mwalimu Nyerere. Hapo ndipo watoto hugoma kuondoka. Beba kitambulisho, na beba maji yako.

Kingine ambacho wakazi wengi wa Upanga hawakitumii ni vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa, Goethe-Institut kwenye Barabara ya Alykhan na Alliance Française. Vyote viko mtaani kwetu. Huwa na maonesho ya picha, filamu na muziki wa wasanii wetu wenyewe, na mara nyingi kuingia ni bure au kwa kiingilio kidogo. Nimekutana na watu wanaolipa pesa nyingi kumwona msanii hotelini, yule yule niliyemsikiliza Upanga nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbele. Angalia ratiba zao mtandaoni mwanzoni mwa mwezi.

Na usiidharau panton, yaani kivuko cha Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu kwenda Kigamboni imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Kwa mtoto wa ghorofani ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini, kwenda na kurudi tu ni sikukuu. Panda basi la mwendokasi, shukia Kivukoni, pita Feri penye soko la samaki, vuka, kunywa dafu ng'ambo, rudi. Ukirudi, nenda sehemu ya wakaangaji pale soko la samaki. Unanunua samaki wako, unamkabidhi mkaangaji, unalipia kukaangiwa, unakula na ndizi au ugali. Bei ya samaki ni ya kuelewana, kwa hiyo uliza kwa watu watatu kabla ya kutoa hela, na kubalianeni bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Vaa viatu vya kufunika, sakafu ina maji muda wote.

Usiku ni wa mishikaki na kuku wa mkaa. Kuanzia saa moja, pembe za Kisutu karibu na Mtaa wa Libya zinafuka moshi, meza za plastiki zinatolewa nje, na familia nyingine zinakula ndani ya magari yao. Agiza mishikaki kidogo kidogo, mitatu mitatu, ije ya moto kila mara. Chatini ya ukwaju iombe, wakati mwingine hawaileti bila kuulizwa. Mkate wa ajemi unashibisha kuliko chipsi na bei ni nafuu. Wazee humalizia na tambuu, lile jani la kutafuna lenye viungo ndani, ya tamu kwa asiyetumia tumbaku, na inafaa useme hivyo kwa sauti kabla hajaikunja. Gari kama unalo liache nyumbani, kwa sababu kutafuta maegesho Kisutu usiku kunakula muda wa chakula na wanaokuelekeza watataka chao.

Chenji ni tatizo la kila siku huku. Beba noti za 1,000 na 2,000. Muuza muhogo mwenye mtaji wa elfu thelathini hawezi kuvunja noti ya elfu kumi saa kumi jioni, na ukimlazimisha anaacha meza yake kwenda kuitafuta wakati wateja wanasubiri. Kulipa kwa simu kunawezekana kwa wengi, lakini makato huwa kwake, hivyo muulize anapendelea nini.

Picha nazo zina adabu. Chakula piga upendavyo. Mahekalu, misikiti na watu wanaosali, omba ruhusa. Mwezi wa Muharram utakuta maandamano ya Mashia mitaani, na sehemu nyingine wanagawa maji na sharubati kwa kila anayepita. Pokea kwa mikono miwili na useme asante, lakini kumbuka wako msibani, wanamwomboleza Imamu Hussein.

Ratiba yote niliyoieleza inageuka Ramadhani. Supu ya asubuhi inafungwa, mchana panakuwa kimya, na ile saa ya bhajia inakuwa soko kubwa la futari: kaimati, tambi, vitumbua, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi kwenye ndoo. Asiyefunga anaruhusiwa kununua kama mwingine yeyote, ila afungiwe chakula chake na akale nyumbani. Fika saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili kasoro kila mtu anakimbilia kwake, na vilivyobaki vinauzwa kwa bei ya kutupa kwa dakika kama kumi, kisha meza zinafunikwa hadi baada ya taraweh, mishikaki inaporudi na mtaa kukesha.