Kuuza nyumba mkaishi kwenye boti: kwanza mjue kutia nanga

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji muuze nyumba, mnunue boti ya tanga ya mita 13 na muishi humo mkizunguka. Tena unaogopa dhoruba. Sisi tumekaa majini miaka sita, boti mbili tofauti, na dhoruba ya kweli tumekutana nayo mara moja tu, maana utabiri unasomwa na msimu mbaya unakimbiwa. Kilichotaka kutuvunjia ndoa ni nanga.

Iko hivi. Wakati wa kutia nanga mmoja yuko omo, yaani mbele ya boti, na mnyororo wa nanga, mwingine yuko tezi, yaani nyuma, na usukani. Katikati kuna mita kumi na kitu, injini inanguruma, upepo unabeba maneno. Mke wangu anasema "rudi", mimi sisikii kitu, nauliza kwa sauti ya juu, na sauti ya juu hata ikiwa ya kuuliza tu huingia sikioni kama tusi. Mwaka wa kwanza karibu kila ghuba tuliyoingia tulimalizia kwa kununiana, huku wa boti za jirani wakitazama sinema ya bure. Tulipona kwa ishara za mkono: kiganja wazi ni simama, kidole gumba nyuma ni rudi, ngumi ni gia huru. Tukabadilishana na nafasi pia. Kuvuta mnyororo kunataka mgongo, usukani unataka akili, kwa hiyo yeye akahamia usukanini.

Hesabu ya mnyororo nayo muijue wote wawili. Sisi hutoa mara tano ya kina, upepo ukitarajiwa mara saba, na kina hicho kinahesabiwa maji yakiwa yamejaa, pamoja na urefu wa omo kutoka majini. Usiku mmoja nilitia nanga maji yamekupwa, kina mita 4, nikatoa mita 20, nikalala kwa amani. Maji yakajaa mita 3, ongeza mita 1 ya omo, jumla 8: mnyororo wangu haukufika hata mara tatu. Saa nane usiku upepo ukageuka, nanga ikaachia. Aliyeamka ni mke wangu, eti mlio wa maji ubavuni ulikuwa umebadilika. Alipotoka, boti ya jirani ilikuwa karibu kiasi cha kusomeka jina. Aliwasha injini na kutuondoa pale mimi bado natafuta suruali.

Sasa nikuulize: ukianguka majini, shemeji anaweza kuigeuza boti akurudie? Kama hawezi, yeye ni abiria na wewe hauna nahodha mwenzako. Safari ya siku kadhaa ina zamu, kwetu saa tatu tatu. Wa zamu amejifunga kamba ya usalama, mwenzake amelala usingizi wa kweli kwa sababu anamwamini. Ajabu yake, mnaishi chumba kimoja na mnaonana kwa kupishana ngazini.

Mita 13 kwa watu wawili naona ni kubwa. Yetu ya kwanza ilikuwa 12, sasa tuna 10. Bandari za boti hutoza kwa urefu, rangi ya kupaka chini ya boti inatumika kwa urefu, na tanga kubwa upepo ukipanda si la mtu mmoja.

Mengine mtayazoea. Tangi letu la maji matamu ni lita 300, tunatumia kama lita 10 kila mmoja kwa siku. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari, vikasuuzwa kwa matamu. Betri za asidi msizishushe chini ya nusu ya chaji. Godoro liinuliwe lipate hewa chini, sisi la kwanza tulilitupa limeota ukungu mweusi. Na kila asubuhi chungulieni ngama, pale chini ya boti maji yanapokusanyika.

Nyumba msiuze kwanza. Kodini boti wiki mbili, na kuanzia siku ya pili mpe shemeji usukani kila mnapotia nanga. Mkirudi bado mnaongea, njoo tuzungumzie injini.